Marie-Jeanne Katungu, mama aliyepeleka fromage porini

Wapendwa muliofika kulia pamoja nasi, asante. Familia imenituma mimi Bénite, mutoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya tantine, shangazi yangu.

Tantine Marie-Jeanne Katungu alizaliwa Masereka tarehe 9 mwezi wa tatu 1969, mutoto wa Mzee Abdias na Mama Rébecca, walimaji wa ngano na viazi. Primaire alisomea kulekule, secondaire hapa Butembo, akapata diplôme ya ualimu mwaka 1987. Akiwa bado mudogo alimuuliza pasta mbele ya kanisa lote kama Samweli hakuogopa kulala hekaluni peke yake. Pasta alicheka: “Kuja Jumapili, ufundishe weye mwenyewe!” Tantine alienda kweli.

Tarehe 19 mwezi wa tisa 1987 aliolewa na Papa Ananie, fundi wa kushona wa Beni. Mungu aliwapa Lusenge, Ornella na Kitsa. Kule Beni alifundisha primaire, na kila Jumapili école du dimanche, masomo ya Biblia ya watoto. Alipenda sana vijana wa Biblia. Alituambia Yeremia alisema yeye ni mutoto tu, na Mungu hakukubali ile sababu. Na Timoteo alidharauliwa kwa ujana wake, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1999 vita iliwasukuma, wakahamia Butembo, na mimi nikaishi kwao.

Pasaka ya 2001 tulicheza Daudi na Goliati. Lusenge, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa Daudi. Nzanzu wa jirani, ndiye Goliati, sufuria kichwani, alianguka hata jiwe halijatupwa, kanisa likacheka mpaka pasta akapangusa machozi. Kisha wapiganaji wa porini wakapita kwetu, na Lusenge akawafuata. Alimwambia Ornella: “Daudi hakungojea amalize masomo.”

Tantine alisoma ile sura ya Daudi wiki nzima. Jumapili alisimama mbele yetu.

“Batoto, tulikosea. Tulianzia ku jiwe. Daudi, baba yake ndiye alimutuma apelekee bakaka yake mukate, na mukubwa wa jeshi fromage, ile Biblia inaita jibini, alete habari kama beko bazima. Ile sehemu hatukuicheza. Sasa Lusenge, nani alimutuma?”

Alifunga Biblia yake.

“Donc mimi ndiye nitaenda.”

Alinunua mikate na fromage ya Masereka, akapanda camion ya viazi mpaka Kanyabayonga, akaingia pori kwa miguu. Mukubwa wa wale wapiganaji alishangaa.

“Mama, fromage? Bengine banatuleteaka matusi!”

“Fromage ni yako, mukubwa. Mutoto ni wangu.”

Mukubwa alikula, akasema atamuachilia kiisha mavuno. Lusenge alipewa ruhusa ya kumusalimia mama yake. Alitazama chini tu. “Mama, usilie mbele yao.” Tantine hakulia. Alilia ndani ya camion.

Kiisha mavuno alirudi na fromage ingine, akakuta majivu na vibanda vitupu. Tangu siku ile hakutulia. Kila siku ya soko la Kirumba alikuwa kule, anauliza madereva na wauza makala ya kupikia. Alinyeshewa, alilala njiani. Mwezi wa nane mwaka huu kifua kilimushika, na tarehe 3 mwezi wa kumi 2002, saa nne ya asubuhi, alituacha hospitalini hapa Butembo.

Siku zake za mwisho aliniomba nimusomee juu ya yule musichana wa Israeli, waaskari walimuteka, akawa mutumishi kwa Naamani. Nikamuuliza: “Tantine, alirudi kwao?”

“Biblia haituambie.”

“Mais wazazi wake walifanya nini?”

Alifunga macho, nikafikiri amelala. “Walimutafuta. Unazani walifanya nini?”

Ameacha mume wake Ananie, mama yake Rébecca, kaka yake Ésaïe ambaye ni baba yangu, na watoto Lusenge, Ornella na Kitsa. Mzee mumoja wa familia alitaka jina la Lusenge lisiwekwe, kwa sababu hatujui kama ni muzima. Papa Ananie alisema hapana, na akaliweka la kwanza.

Tantine, Bwana akupokee, miguu yako ipumzike. Na ninyi mutakaosafiri upande wa Kirumba na Kanyabayonga: ni kijana murefu, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Tafazali, mumuulizie.