Nilivyodanganya Kuhusu Matege Yangu

Bwana asifiwe, watu wa Koboko! Asifiwe zaidi na nyinyi wa safu ya mbele, maana mwaka jana niliwaangukia.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Amani, nakaa Awindiri, nauza vitenge Arua mjini. Tangu utoto nina matege. Nikisimama wima, mbuzi anapita katikati ya magoti yangu bila kuinamisha kichwa! Utani niliuzoea. Lakini nilipokaribia miaka arobaini, goti la kulia likaanza kuniuma upande wa ndani, likawaka moto. Nikashindwa kupiga magoti kumsalimia mama mkwe wangu kule Pajulu. Akawaambia majirani, "Huyu mutu iko na kiburi ya mujini!" Nililia sana.

Basi nikaja hapa kwenye mkutano wa maombi. Mkaniombea. Nikatamani kupona mpaka nikanyakua kipaza sauti, nikapiga kelele, "Miguu yangu imenyooka!" Nilikuwa nimevaa sketi ndefu, nani angejua? Ndugu zangu, nilidanganya madhabahuni! Mkashangilia, ngoma zikalia, nami nikaruka. Mara ya kwanza, salama. Mara ya pili goti likakataa. Nikamwangukia mpiga ngoma, tukabingirika wote wawili mpaka safu ya mbele, sketi ikapanda, na kanisa zima likayaona matege yangu.

Mchungaji akaniinua. Akauliza polepole, "Mama, hii miguu iko imenyooka kweli?"

"Hapana, Mchungaji."

Nilingoja anifukuze. Akasema, "Sawa. Sasa umesema kweli, Mungu iko na mahali pa kuanzia. Enda kwa daktari."

Nikaenda hospitali na mume wangu, Baba Amani, Mkongo, fundi seremala. Daktari akatuonyesha picha: uzito wangu wote ulikuwa unalalia upande mmoja wa goti, na upande huo ulikuwa unalika. Dawa yake ni kukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti na kuunyoosha.

"Iko njia mbili," akasema. "Naweza kutoa kipande kama kabari upande wa nje, halafu nafunga. Mfupa unakutana na mfupa, unashika upesi, ila mguu unapungua kidogo. Au nakata upande wa ndani, nafungua pengo, nafunga chuma na skurubu. Hapo mguu haupungui, lakini pengo linachukua muda kujaa."

Baba Amani akavuta kiti karibu. "Daktari, mimi iko fundi ya mbao. Ukikata mbao imekwisha, hairudi. Hii pengo, chuma yake iko ya nguvu?"

Wakaanza kuchora. Wakachora karatasi tatu! Mwenye mguu wamemsahau. Nikapiga meza: "Mimi iko mufupi tayari! Hakuna mutu atanipunguza tena!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kwa goti kama langu, hata yeye angechagua kufungua.

Siku ya upasuaji sikupiga kelele. Nilisema tu, "Bwana, shika mkono wa huyu daktari." Akaushika! Nikatembelea magongo wiki nyingi, na kila asubuhi Baba Amani aliniwekea pima maji kwenye mguu, kama vile anakagua mlango. Asubuhi moja niliamka, nikasikiliza goti. Kimya! Nikaenda Pajulu, nikapiga magoti taratibu. Mama mkwe akaanza kulia, kisha akaita majirani walewale waje kuona.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, na mikono aliyoitumia. Kama unaficha maumivu kwa sababu ya aibu, mwambie Mungu ukweli, umtumaini, halafu panda gari uende kwa daktari. Mimi mwenyewe nitakusindikiza! Tazameni: mguu wa kulia umenyooka. Wa kushoto bado tege, zamu yake ni baada ya mavuno. Huu wa kulia ni ushuhuda. Huu mwingine, tafadhali, uombeeni.