Sema Polepole, Cherehani

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mkabala na duka la vipuri ambalo redio yake haizimwi mpaka mwenye duka afunge. Hapo hukaa Satelaiti, anayejua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Cherehani, msomaji wa matangazo redioni, aliyepewa jina kwa jinsi mdomo wake unavyokimbia. Na Chuma, fundi wa kuchomelea mageti. Siku hiyo Chuma alikaa ukingoni kabisa, simu mkononi, kahawa yake imepoa haijaguswa. Mkewe alikuwa amekwenda kliniki ya uzazi kuchukua majibu. Walikuwa wamehangaika miaka, na hii ilikuwa mara ya pili kupandikiziwa mimba iliyotungwa maabara. Alimkataza mumewe asimsindikize, maana mara ya kwanza majibu yaliposomwa Chuma ndiye aliyezimia pale mapokezi.

— Ondoa wasiwasi, Satelaiti akamwambia. Tangazo lao linasemaje? Saba kati ya kumi hupokea habari njema. Ninyi mmekwenda mara mbili. Saba mara mbili?

— Kumi na nne, nikajibu mimi.

— Kumi na nne kati ya kumi! Zimezidi nne. Mnadhani hizo nne zinakwenda wapi? Ndio pacha hao.

Chuma akacheka kidogo, akaitazama simu.

— Kitanda nimechomelea kimoja tu.

— Kata vyuma vingine, kaka! Halafu shemeji awe anasikiliza tangazo kutwa mara tatu, kama dawa. Kile kicheko cha mtoto pale mwanzoni kimepimwa na wataalamu. Kinaingia sikioni, kinashuka taratibu mpaka kwenye kizazi. Kizazi kikisikia mtoto anacheka, chenyewe kinalainika.

— Yule mtoto ni mimi, Cherehani akasema.

— Wewe?

— Mtoto waliyemleta studio alilia tu tangu anafika. Ikabidi nibane pua nicheke mwenyewe.

— Kumbe! Ndiyo maana ile ya kwanza haikukaa! Kizazi kilisikia dume zima linacheka!

Tukaangua kicheko, ila si Chuma. Wakati huohuo redio ya dukani ikalileta tangazo lenyewe. Mwanamke mwenye sauti ya asali akatuambia kwao saba kati ya kumi hupokea habari njema, kisha sauti ya Cherehani ikapita mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa, likaisha. Chuma akageuka.

— Cherehani, hivi yale ya mwisho huwa unasema nini?

— Aa, yale ya kisheria tu. Lazima yasemwe, na muda wenyewe ndio huo. Sikia.

Akavuta pumzi, akayamwaga yote kwa mkupuo. Tukampigia makofi, kama kawaida yetu.

— Sasa sema polepole, Chuma akamwambia.

— Polepole sijawahi.

— Jaribu, ndugu yangu.

Cherehani akaanza, akapotea. Akarudi mwanzo, akapotea tena. Ikabidi ayakimbize kwa kunong'ona, na kila akifika mahali anasimama na kutupa lile neno alilolinasa.

— Takwimu ni za… wanawake ambao wengi wao wana chini ya miaka thelathini na mitano. Habari njema maana yake… kipimo cha mimba kuonyesha ndiyo. Si… si hakikisho la mtoto kuzaliwa.

Hakuna aliyepiga makofi.

— Mke wangu ana arobaini na moja, Chuma akasema.

— Haonekani hata kidogo, Satelaiti akadakia. Na mwili, bwana, unafuata sura. Ukiwa na sura ya thelathini, ndani huko nako wanajua wewe ni wa thelathini.

Chuma hakumsikia.

— Mara ya kwanza kipimo kilisema ndiyo. Mnakumbuka? Nilizunguka mtaa mzima nashikana mikono na watu. Haukupita muda, mimba ikatoka. Mke wangu mpaka leo anasema ni kwa sababu ya ndoo aliyoinua. Usiku anaamka, ananiambia, baba, ningeiacha ile ndoo.

Akamtazama Cherehani.

— Kwa hiyo sisi walituhesabu. Tumo kwenye zile saba.

— Mimi nasoma ninachopewa, kaka. Haki ya Mungu, sikujua hata nilichokuwa nasema.

— Sikulaumu. Nauliza tu. Tumo?

Cherehani akatikisa kichwa kukubali.

Hapo pikipiki ikasimama ng'ambo ya barabara, akashuka mke wa Chuma. Akavuka bila kutazama magari, pikipiki ya pili ikampigia honi, hakujali. Mtandio umemshukia mabegani.

— Ndiyo! akapaza sauti hata kabla hajatufikia. Baba, wamesema ndiyo!

Chuma akasimama, akamshika mikono yote miwili. Satelaiti, ambaye sijapata kumwona akikosa la kusema, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Mimi nilishika sindano yangu nikawa natafuta tundu.

Mama wa watu akatutazama mmoja mmoja, tabasamu bado liko usoni lakini halijui likae wapi.

— Jamani, mbona mmenyamaza?