Mkono Uliofunzwa na Mzee Nyongesa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu la viazi hapa Keringet, Mzee Jerry Nyongesa anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026. Wanaosema tulishamuaga hawajakosea. Tulimuaga Juni, tukamuaga tena Desemba, na mbuzi tukala mara zote mbili. Safari hii anaenda kweli.

Kilichomchelewesha ni mkono wa roboti. Wakubwa walisema haondoki mpaka mkono huo uweze kuchagua viazi kama yeye. Mkewe, Nasimiyu, aliyetangulia nyumbani Webuye, alianza kuuliza kwa simu kama huo mkono ni bosi au ni mke mwenza.

Mwanzoni ulifunzwa kwa viazi vilivyooshwa. Ulipoletewa viazi vyenyewe, vyenye tope na vya kila umbo, juu ya mkanda unaotetemeka kila umeme ukipungua, uliviponda na vingine ukavirusha. Sherehe ya Juni ikaishia hapo. Mhandisi wetu, Micah, akamvisha mzee glavu za kurekodi, ili mkono ujifunze anavyokaza na kulegeza vidole hali inapobadilika. Mvua zote za Oktoba haukuponda kiazi hata kimoja.

Desemba wageni wakaja kuupima. Walipokaribia, mkono uliweka kiazi chini, ukageuka, ukawanyooshea vidole vyake vya chuma. Ukabaki hivyo ukingoja, viazi vikimwagika sakafuni. Tulielewa mara moja. Mzee wetu hajawahi kumwacha mtu apite bila kumpa mkono, na glavu zilirekodi yote. Mgeni mmoja aliusalimia kwa heshima, lakini ulianguka mtihani hata hivyo.

Dawa ya Micah ilikuwa mzee arekodiwe upya, nasi tupite karibu naye bila kumsalimia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Jerop wa mizani alipita akitazama dari, akagonga nguzo. Baada ya siku chache mzee alivua glavu. "Micah, wacha tu nisiende home," akasema. "Hii ni kama nimekosana na watu wote." Aliyemrudisha kazini ni Nasimiyu, kwa simu ambayo ghala zima liliisikia bila spika.

Wiki jana mkono ulifaulu. Wageni walipita na haukuwageukia hata kidogo. Tulipiga makofi, kisha tukageuka kumtazama mzee, maana tulijua sasa hakuna cha kumzuia.

Mzee, asante kwa kutufanya tujione watu kila asubuhi. Kuanzia Jumatatu tutapita mahali pako na hakuna atakayetupa mkono. Hata huo wa chuma tumeufundisha usitusalimie. Kwa hivyo Ijumaa tusalimie mmoja mmoja, wala usiharakishe. Tunakuombea afya na mapumziko matamu huko Webuye.