Safu ya Mwisho katika Daftari la Josho

Bw. Fanuel Mazvidza, mhudumu wa josho la ng'ombe la Chivhuno wilayani Gutu, Zimbabwe, alistaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne kazini. Alianza Machi 1991 kwa baiskeli ya kuazima. Ameondoka na ya kwake, ambayo tangu tuifahamu haijawahi kuwa na breki.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya dawa ya kupe, kuhesabu ng'ombe wanapopanda kutoka majini, na kuandika. Daftari letu lina safu za waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa na waliouzwa. Safu ya mwisho, Maelezo, wengi wetu wahudumu huiacha wazi. Yeye aliijaza. Ukiisoma utajua nani alioa, nani alizikwa, nani alimpeleka mtoto sekondari. Mwaka wa ukame, 1992, ina neno moja, "kiu", kutoka juu hadi chini, kurasa tisa. Mahali pengine ameandika: "Maksai mmoja, amechinjwa harusini. Sikualikwa."

Mkaguzi mmoja aliwahi kumkemea mbele yetu: "Mazvidza, tumeomba hesabu ya ng'ombe, si umbea wa kijiji!" Akajibu huku akiendelea kuandika: "Ng'ombe hahami bila sababu, mkubwa."

Umbea huo ulihitajika mwaka 2016. Mfugaji mmoja, mume wa Mai Rindai, alifariki, na shemeji zake wakaja kuchukua ng'ombe wote kumi na mmoja waliokuwa kwenye kadi ya mifugo ya marehemu. Mai Rindai akasema saba ni wake. Binti yake Rindai alipoolewa, mkwe alileta mtamba wa umama, na mtamba huyo na uzao wake ni mali ya mama peke yake. Ndugu wa mume hawaurithi. Shemeji mkubwa, Zivanai, hakubishia mila. "Shemeji, ng'ombe hawana majina usoni," alisema. "Tuonyeshe ni wepi."

Bw. Mazvidza alifika kwenye baraza la chifu na madaftari ndani ya gunia la unga. Akaanzia Agosti 1998: mtamba mwekundu, ncha ya mkia nyeupe, wa umama. Akafuata ndama mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, kwa karibu saa mbili. Wakafika sita. Wa saba, dume jeusi, alikuwa ameandikwa mwaka 2013: amenunuliwa mnadani na baba Rindai. Mama wa watu alikuwa amekosea.

Mai Rindai ndiye aliyemletea Bw. Mazvidza togwa kila siku ya josho. Angeuruka mstari ule, hakuna ambaye angejua. Aliusoma.

Zivanai akasema: "Kama amesoma hata la kumuumiza anayemnywesha, hayo mengine nitayapingaje?" Wale sita wakabaki kwa mama yao.

Wiki iliyofuata Mai Rindai alileta ndama jike wa shukrani. Bw. Mazvidza akamrudisha, mtumishi hapokei zawadi. "Basi, Shumba," Mai Rindai akamuuliza, akimwita kwa jina la ukoo wake, "unastaafu lini?" Akamtajia tarehe, miaka tisa mbele. Sote tukacheka, isipokuwa yule mama.

Jumanne tarehe 1 Julai ilikuwa siku ya kwanza ya josho bila yeye. Kalamu alikuwa nayo Bi. Netsai Gumbo, aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Mai Rindai alikuja taratibu, akiswaga mtamba mwekundu mwenye ncha ya mkia nyeupe, akataka aandikwe kwenye kadi ya Mazvidza. Netsai akauliza sababu.

"Andika, mwanangu: kwa ajili ya yule wa saba."

Imeandikwa, safu ya mwisho.

Shumba, tunakushukuru kwa kila mstari. Kaa nyumbani kwa amani, mvua ikukute na malisho, na mtamba wako azae. Siku ya josho tutakungoja. Safari hii utapanga foleni kama wafugaji wengine, na Netsai atakuuliza sababu.