Mwalimu Khavere na Fomu Thelathini na Nne

Tena, Nairobi
Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025

Kabla sijaandika neno la kwanza la wasifu huu, nimewaahidi baba na mama kwamba nitasema yote. Sifa zitakuwepo kwa sababu ni za kweli. Lakini kuna jambo nililolificha tangu mwezi wa Aprili, nalo limemharibia jina mtu tunayemuaga. Hilo pia nitaliandika.

Dkt. Everline Khavere anastaafu tarehe 31 Desemba mwaka huu, baada ya kufundisha chuoni kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa Septemba 1994 katika Idara ya Kiswahili. Miaka minne baadaye alianzisha kozi iitwayo Lugha na Maisha ya Mtaa, ambayo imefundishwa kila mwaka tangu wakati huo. Kamati ya mitaala imependekeza ifutwe, na seneti ya chuo itaamua tarehe 11 Desemba. Kwa hiyo huenda mwalimu na kozi yake wakaondoka pamoja.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wasifu wa namna hii huandikwa na mfanyakazi mwenza, lakini Mwalimu Khavere alizoea kusema kwamba wenzake wa kazi ni wengi, na wengine wao wanaishi katika mitaa ya Tena, Umoja na Buruburu. Ndiyo maana Mwenyekiti wa Idara, Dkt. Mutunga, aliomba ukurasa mmoja wa kijitabu cha hafla uandikwe na mtu wa mtaani. Majirani walinichagua mimi. Walisema nina mwandiko mzuri. Waliposema hivyo nilitazama chini.

Wale wasioijua kozi hii, inafaa niwaeleze. Ilikuwa na namba mbili. Mwanafunzi wa Kiswahili aliiona katika orodha ya idara yake, na mwanafunzi wa sosholojia akaiona katika orodha yake kwa namba nyingine. Darasa lilikuwa moja, mwalimu mmoja, mtihani mmoja. Bwana Bwire, karani wa idara, anasimulia kwamba mwaka mmoja ofisi ya ratiba ilidhani ni kozi mbili, ikapanga mtihani saa ile ile katika vyumba viwili, kimoja orofa ya kwanza na kingine orofa ya nne. Mwalimu Khavere alivua viatu, akavishika mkononi, akapanda na kushuka ngazi kwa saa mbili akiwasimamia wote. Mtihani ulipokwisha aliwaambia wanafunzi kwamba sasa wameona maana ya kozi kumilikiwa na idara mbili.

Kila Jumamosi ya muhula aliwaleta wanafunzi mtaani. Aliwapanga wawili wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa jamii, na kila jozi ikapewa nyumba moja ya kurudia kwa Jumamosi kumi. Hawakuja kutuhoji kwa karatasi. Walikuja kukaa. Waliosha vyombo, walichambua mboga, walibeba maji yalipokatika, na walisikiliza. Mwishoni nyumba yenyewe iliwapa alama kumi katika mia, na alama hizo hakuna profesa aliyeruhusiwa kuzibadilisha.

Jirani yetu Mama Winny, anayeuza chapati kwenye kona, aliwahi kumpa kijana mmoja aitwaye Walter alama mbili. Kosa lake ni kwamba kila alipoingia alimsalimu baba wa nyumba tu, akawapita mama na watoto kama viti. Walter alikwenda kulalamika kwa mwalimu wake, naye akarudishwa kwa Mama Winny kuuliza kama anaweza kurudia. Alirudia Jumamosi zote kumi. Siku hizi ni mwalimu huko Kakamega, na kila Krismasi akipita Nairobi huja kula chapati na kuwasalimu watu wote mpaka inachosha.

Mtaani hakuna aliyemwita Daktari. Miaka ya mwanzo alikuja na kinasa sauti kikubwa cheusi, na watu wakadhani anatembea na redio yake ili asikose taarifa ya habari. Akaitwa Mama Redio. Kinasa sauti kilikufa zamani, jina likabaki. Vijana wa stendi walikuwa wakimtania kwamba leo ameleta wafanyakazi wangapi wa kuosha sufuria, naye aliwajibu kwa Sheng ya zamani sana, ya wakati wa baba zao, nao wakacheka hadi wakashika matumbo.

Mara ya kwanza alipoingia kwetu nilikuwa darasa la pili. Baba yangu, Kinyanjui, hushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na siku hiyo alikuwa akimweleza mwanafunzi majina ya vifaa vyake kimoja kimoja. Mwalimu Khavere alikaa kwenye kigoda akaandika yote kana kwamba baba ndiye aliyekuwa akitoa mhadhara. Baadaye aliniuliza kama mimi pia huandika. Tangu siku hiyo, kila alipokuja aliisoma insha yangu moja. Hakutumia kalamu nyekundu. Alitumia penseli, na mara nyingi aliandika maneno mawili tu pembeni: sikiliza tena. Kiswahili ninachoandika leo nimekipata kwake kwa sehemu kubwa.

Sasa nifikie lile jambo.

Mwezi wa Machi kamati ya mitaala ilianza kuipitia kozi upya. Wapo waliosema kozi yenye wenyewe wawili haina mwenyewe, na kwamba ziara za mitaani ni matembezi tu. Mwalimu Khavere aliomba kozi isifutwe bali irekebishwe. Kamati ikajibu kwamba inataka kusikia kutoka kwa nyumba zenyewe, kama kweli zilifundisha na kama kweli zilitoa alama. Mwezi wa Aprili fomu zikachapishwa, moja kwa kila nyumba, jumla thelathini na nne.

Wakati huo Mwalimu Khavere alikuwa akienda Vihiga kumuuguza dada yake. Aliniachia fomu mimi. Alinieleza taratibu, halafu akaniandikia maagizo kwa penseli juu ya bahasha: kila mtu aandike mwenyewe, asiyeweza aandikiwe maneno yake vile vile alivyoyasema, na aliyemwandikia atie jina lake chini, penye nafasi ya mwandishi.

Nilianza vizuri. Nilikwenda kwanza kwa Mzee Shiundu, anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area. Mikono yake ilikuwa imechubuka, akaniomba nimwandikie. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa Sheng na Kiluhya na Kiingereza kidogo, na alipoona nimesita na kalamu alinielewa upesi.

"Usinipigie pasi maneno, msichana," aliniambia. "Andika vile nimebonga."

Niliitikia. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikayasoma maneno yake kwa macho ya watu wa chuo. Nikawaona wamekaa kwenye meza ndefu wakicheka. Niliwaonea haya majirani zangu. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kulisema hili na sikuipata. Niliona kwamba Mzee Shiundu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, angeniaibisha mbele ya wasomi kwa jinsi anavyozungumza. Nikachukua fomu nyingine safi na kuandika: "Kozi hii ina manufaa makubwa kwa jamii na kwa taifa kwa ujumla." Ilikuwa sentensi ya insha. Niliipenda.

Baada ya hapo sikuwasikiliza watu tena. Niliwauliza tu kama wanaitaka kozi, wakasema ndiyo, nikawaandikia sentensi ile ile nikibadilisha neno moja au mawili. Wengi waliniambia nijaze tu, wao wanaharakisha, na wananiamini. Watu kumi na mmoja sikuwakuta nyumbani. Muda ulikuwa unakwisha, nikawajazia na kuwatilia sahihi. Ile nafasi ya mwandishi niliiacha wazi kwenye fomu zote thelathini na nne, ili ionekane kwamba kila mtu ameandika mwenyewe. Jumatatu Bwana Bwire alipita, akazichukua katika bahasha nyingine niliyoifunga; ile yenye maagizo nilibaki nayo.

Mwezi wa Julai Mwalimu Khavere alikuja kwetu akiwa peke yake, bila wanafunzi. Mama alimkaribisha chai. Alitueleza kwa utaratibu kwamba kamati imependekeza kozi ifutwe katika idara zote mbili. Mama alimuuliza sababu.

"Walitaka kuwasikia nyinyi," alisema. "Hawakuwasikia."

Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina. Alipomaliza kikombe aliniomba insha yangu kama kawaida, nikampa daftari. Aliutazama ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji ukurasa mmoja. Halafu alitoa penseli, akasahihisha mpaka mwisho, akanirudishia, akamuaga mama, akaenda. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza, nami nikajiambia kwamba kwa kuwa hakuniuliza, basi hajui.

Niliyajua yaliyobaki mwezi uliopita. Bwana Bwire, ambaye huandika kumbukumbu za kamati, alituletea barua ya kuomba wasifu huu. Alishusha sauti akatuambia kwamba fomu zote zilikuwa za mwandiko mmoja, wino mmoja na sentensi moja, na wanakamati waliona wazi kwamba ni za kughushi. Wakamuuliza Mwalimu Khavere nani aliyeziandika. Jibu lake Bwana Bwire analikumbuka kwa sababu aliliandika yeye mwenyewe.

"Fomu zimetoka kwangu," alisema. "Andikeni hivyo."

Kwa hiyo wakaandika hivyo. Baada ya miaka thelathini na mmoja, wenzake wanaamini alighushi sauti za watu ili kuiokoa kozi yake. Bwana Bwire, ambaye ni mtu mwema na anampenda, naye anaamini kwamba ziliandikwa kwa agizo lake kabla hajasafiri. Alinishauri kwa upole kwamba niandike mazuri tu na mambo ya kozi niyaache, tusimwaibishe mama wa watu siku ya kuagwa.

Bwana Bwire, nisamehe kwa kutoufuata ushauri huo. Mwandiko ule ni wangu. Mwalimu Khavere hakuniambia niandike vile, hakuziona fomu kabla hazijafika kwenye kamati, na maagizo aliyoniachia yalikataza kila kitu nilichofanya. Bahasha ninayo, pamoja na maneno yake ya penseli. Alinikinga, na nimekaa nyuma yake miezi mingi bila kujua, ingawa kusema ukweli ningeweza wakati wowote.

Niliwaambia wazazi wangu usiku ule ule. Mama alilia kidogo. Asubuhi baba akasema niende kwa kila nyumba nikaombe radhi kabla sijamwandikia mtu yeyote wa chuo. Nimekwenda. Mama Winny alinigombeza mbele ya wateja wake hadi chapati ikaungua. Mzee Shiundu alinisikiliza, akauliza kama nimekuja na karatasi.

Nilikuwa nazo. Nimezunguka upya kwa wiki tatu. Nyumba mbili zimehama. Watu kumi na tisa wameandika kwa mikono yao, na kumi na watatu nimewaandikia kama walivyosema, na jina langu liko chini ya kila moja. Mzee Shiundu ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: "Huyu Madam alikuwa anakam Sato, anakaa chini, anatuskiza. Hakuna mtu wa ofisi ashawahi tuskiza hivyo." Mama Winny amesema: "Niliambiwa nipatie mtoto wa chuo alama, na mimi sikumaliza darasa la saba. Hiyo siku nilivaa nguo ya kanisa." Nilipoyaandika maneno hayo nilielewa nilichowanyima wanakamati mwezi wa Aprili. Wangeyasikia haya, sidhani kama kuna ambaye angecheka.

Mwalimu, najua hutapenda nilivyofanya hapa. Ungesema hafla yako si mahali pake. Lakini umetufundisha wengi, na waliokuwa darasani mwako wametapakaa nchi nzima wakisalimu watoto kabla ya kukaa. Kwa niaba ya nyumba zote za Tena, Umoja na Buruburu, asante kwa Jumamosi zako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na dada yako apone mkae pamoja uwanjani kwenu Vihiga bila mtu wa kuwapangia ratiba. Ukija Nairobi, kwetu huhitaji kubisha hodi.

Na kwako Mwenyekiti, Dkt. Mutunga: karatasi hii naituma kwa mkono wa Bwana Bwire, pamoja na bahasha, daftari langu la insha ili mwandiko ulinganishwe, na fomu thelathini na mbili mpya. Niko tayari kuja mbele ya kamati na mzazi wangu siku yoyote. Sijui kama kozi bado inaweza kuokolewa, ingawa natumaini. Bwana Bwire amesema anaweza kungoja hapo mlangoni kwako achukue jibu, kwa hiyo nauliza lile ninalolihitaji kuliko yote: je, kabla ya tarehe 11 Desemba, kamati itafuta katika kumbukumbu zake kwamba fomu zile zilikuwa za Mwalimu Khavere, na kuandika kwamba zilikuwa zangu?

Lydiah Wangeci Kinyanjui