Noelene Kratzmann na Zizi Namba Tisa

Ijumaa tarehe 27 Juni, Noelene Kratzmann anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika machinjio yetu ya Callan Creek. Mhariri wa jarida hili ameniomba maneno matamu, na akaniomba pia nisiguse habari za mazizi. Matamu yatakuwepo. Mazizi nitayagusa, maana mimi, Wade Tierney, ndiye ninayeyasimamia, na ukiyaondoa mazizi huyu mama hana wasifu.

Aliingia mwaka 1994 kupanga ngozi. Miaka mitatu baadaye alisomea ukaguzi wa ubora wa nyama, akakabidhiwa koti jeupe, tochi, muhuri na kipimo cha asidi cha kuchomeka kwenye nyama ya mgongo. Waliomtangulia walikuwa wakipita chumba cha baridi mbiombio, mikono mfukoni. Noelene alisimama mbele ya kila mzoga, na ole wako umharakishe. Mnunuzi mmoja kutoka Brisbane alijaribu, akajikuta ameshikishwa tochi na kufanywa msaidizi hadi saa sita mchana.

Sisi wa mazizini tulimwita Mama Kipimo, na haikuwa kwa mapenzi. Kila Jumanne alikuwa na kilio kilekile: nyama nyeusi. Haikuwa mizoga mingi, lakini haikukosekana, nyeusi tii kama maini, inanata mikononi, na kipimo kinaonyesha sita na zaidi wakati nyama njema haivuki 5.7; namba ikipanda, asidi imepungua. Meneja wa siku hizo, Des Hallinan, alisema ni taa za chumbani. Wafugaji wakasema kipimo chake kibovu. Mimi nilimwambia mbele ya watu wakati wa chai, "Mama, wewe kaa na maiti zako huko ndani, walio hai tuachie wenyewe." Watu wakaangua kicheko. Akanijibu huku anatafuna pai yake, "Hao maiti ndio wanaokusema, Wade."

Jumatatu iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alikuja akakaa juu ya uzio na chupa yake ya chai tangu lori la kwanza. Hadi jioni alikuwa ameona tulichokuwa tukikifanya miaka yote. Kila kundi likishushwa lilale hapo kabla ya kuchinjwa kesho yake, huacha mabaki, ng'ombe sita au kumi wasioenea kwenye zizi lao. Sisi tuliwakusanya mabaki wote, wa wafugaji wanne au watano, tukawasukumia zizi namba tisa, ili mazizi ya kuosha yapungue tuwahi baa.

Ng'ombe wasiojuana hawalali. Wanapigana mpaka ijulikane nani mkubwa, na sukari iliyo kwenye misuli inakwisha. Bila sukari hiyo nyama haipati asidi yake baada ya kuchinjwa, inabaki nyeusi na inaoza upesi. Mfugaji amemlisha mnyama vizuri miaka miwili na nusu, kamswaga polepole, bila mbwa wala fimbo ya umeme, halafu sisi tunamharibia kwa usiku mmoja kwa sababu ya bia! Aibu ilikuwa yetu, na naisema wazi.

Noelene aliandika ripoti. Des akamwambia mkaguzi hana kazi mazizini, na kwamba akiendelea kuikataa nyama ile atarudishwa kwenye ngozi. "Nirudishe," akasema. "Ila muhuri wangu hauigusi." Wiki mbili nzima hakugonga muhuri kwenye mzoga mweusi hata mmoja. Kisha akaomba jaribio, na Des akakubali ili amwaibishe: ng'ombe sitini wa shamba moja, thelathini walale peke yao, thelathini wachanganywe na wageni. Wale waliolala peke yao walitoa mzoga mweusi mmoja. Waliochanganywa, kumi na mmoja. Des alihesabu mara mbili, akaondoka bila kuaga, na kesho yake zizi namba tisa likafungwa. Tukaanza kuosha mazizi zaidi na kuchelewa baa. Hakuna aliyekufa kwa kiu.

Tangu hapo nyama nyeusi haifiki mzoga mmoja katika mia. Wafugaji waliomtukana humletea biskuti, na amefundisha wakaguzi sita, wote wabishi kama yeye.

Sasa nisikilizeni. Wiki hii ofisi imebandika tangazo kwamba kuanzia Julai zizi namba tisa litafunguliwa tena kwa mabaki ya makundi, ili tupokee malori matatu zaidi kwa wiki. Yaani wamengoja mama atoke mlangoni! Basi na mimi natangaza: makundi mawili hayatalala zizi moja maadamu mimi ni msimamizi. Wenzangu wanne wa mazizini wamesema vivyo hivyo na wameniruhusu niandike. Atakayetaka kuchanganya aanze kwa kuniondoa mimi. Na mhariri akiikata aya hii, nitaisoma kwa sauti siku ya sherehe, meneja akiwa na keki mdomoni.

Noelene, dada yetu, nenda Yeppoon kwa mdogo wako, ulale mpaka jua likuamshe. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Asante kwa kutukatalia muda wote ule, na usiwe na wasiwasi juu yetu. Kukataa tumeshajifunza.