Wimbo Uliovunja Vidole vya Hobart

Kitendawili! Semeni "tega", hata kama mko jikoni na mikono ina unga. Nina mama mmoja, kila anibebaye hunivika nguo zake, na nimemwaga damu bila kuwa na mkono. Hamjui? Haya, nipeni mji. Mimi ni wimbo.

Wasikilizaji wapendwa, wimbo wenyewe ni "Moshi Juu ya Caney"; Caney ni bonde letu hili. Mama yake ni Verna Stidham, tuliyemzika Jumamosi hapa mlimani. Waimbaji watatu waliurekodi. Verna ndiye wa kwanza.

Verna aliolewa angali msichana na Clell Maggard, mchimba makaa ya mawe. Clell alikuwa na mkono mwepesi. Alimvunja taya kwa ndoo ya makaa. Alimchoma bega kwa kikaango. Verna akakimbilia kwao. Clell akamfuata, akamburuta kwa nywele kutoka jikoni kwa mama yake mpaka uani, mchana kweupe, akawa anampigiza kichwa kwenye mawe ya kisima. Bunduki ikalia. Clell akaangukia beseni la nguo, na maji yakawa mekundu.

Nyumbani walikuwapo watatu: Verna, kaka yake Hobart, na mama yao Orlena, aliyefundisha watoto Biblia kanisani. Sherifu akauliza, "Nani alifyatua?" Akauliza tena. Verna akatema jino. "Kiulize kisima."

Mahakama iliitazama ile taya, ikawaachia. Lakini ukoo wa Maggard uliapa: atakayetajwa atamfuata Clell kaburini.

Verna akatunga wimbo. Aliimba, "Nilifyatua mimi, mlima ukaitika." Hakuna aliyeshtuka. Huku kwetu mwanamke huimba wimbo wa mwanamume, na mwanamume wa mwanamke, bila kugusa neno. Anayeimba ni mdomo tu. Wimbo haubadilishwi.

Nashville, mjini wanakorekodia santuri, wana yao. Mwimbaji wa pili alikuwa mwanamume, akaona haya kuimba kama mke wa mtu. Akajifanya kaka: "Nilifyatua kwa ajili ya dada." Santuri hiyo ikapigwa redioni, na dukani alikuwapo Delmer Maggard, mdogo wake Clell, ananunua misumari. Delmer ni mtu wa milimani. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kubadilisha wimbo. Aliamini mtu wa kwetu amemnong'oneza yule mwimbaji ukweli.

Alimkuta Hobart kibarazani na banjo yake.

"Kumbe ni wewe, shemeji!"

"Huo ni wimbo, Delmer. Nenda kaoge, unanuka beberu."

Delmer na binamu zake wakamlaza Hobart kwenye gogo la kupasulia kuni. Wakamponda vidole vya mkono wa kushoto kwa upande butu wa shoka, kimoja baada ya kingine. Kila kidole na swali lake: "Kama si wewe, ni nani?" Hobart alipiga mayowe mpaka mbwa wakakimbia. Jina hakutaja.

Verna akaja mbio na uma mkubwa wa kuinulia nyasi kavu, akamchoma Delmer paja mpaka mfupani.

"Basi sema wewe!" Delmer akalia, damu inamjaa kiatuni. "Nani alimuua kaka yangu?"

Verna alitaka sana lile jina limtoke. Akamtazama kaka yake pale kwenye gogo. Hobart akatikisa kichwa. Verna akauma ulimi.

Hobart hakupiga banjo tena. Maisha yake yote Verna alimkatia nyama mezani, machozi yakimtoka. Hobart alikuwa akimwambia, "Kata ndogo, dada. Mimi si mamba."

Wa tatu kuurekodi alikuwa binti mmoja mwenye fidla nyingi nyuma yake. Yeye akafanya mume ndiye anayemuua mke. Verna alicheka akashika mbavu. "Sasa nimekufa, na nguo bado hazijafuliwa!"

Hobart, ndugu yetu, pole sana. Akina Stidham, na ninyi akina Maggard, poleni. Nasi wengine, tukiimba leo jioni tukiosha vyombo, tujiulize: maneno haya matamu yalimtoka nani, na yalimwangukia nani?

Mei iliyopita Verna alikuja makaburini, siku ile tunayosafisha makaburi na kula pamoja nyasini. Mama Orlena tulikuwa tumemzika majira ya baridi. Delmer, mzee sasa, akaja akichechemea na sahani ya kuku na maharage, akaketi karibu na Verna.

"Shemeji, sikuja na shoka. Nataka kufa nikijua. Ni nani?"

Verna akamtazama kaka yake.

"Mwambie, dada," Hobart akasema. "Huko aliko hawamfikii."

Verna akaweka uma wake wa kulia chakula chini.

"Mama," akasema. "Kisha akanawa mikono, akarudi kukanda mkate."